Mikanda ya Kwatzi Yenye Dhahabu

Kwatzi nyeupe imetapakaa katika vilima vya Geita, Kahama na Tarime, na sehemu kubwa yake haina dhahabu hata chembe. Asiyejua hilo atachimba mashimo mengi bure.

Miamba ya eneo hilo la kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Humo mna lava ya kale iliyogeuka kijani, matope yaliyoganda yakawa mawe, na matabaka ya chuma yenye mistari, na graniti imeyazunguka pande nyingi. Miamba hiyo ilipokandamizwa na kuzama kilomita kadhaa chini ya ardhi, joto lilikamua maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Maji hayo, yenye joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, yalibeba silika, gesi ya kaboni na salfa. Salfa ndiyo iliyoishika dhahabu na kuifanya iyeyuke.

Maji ya moto hupanda kwa kufuata nyufa. Ufa unapopasuka ghafla, mgandamizo hushuka, silika huganda kuwa kwatzi na njia huziba. Kisha mgandamizo hujikusanya upya mpaka ufa upasuke tena. Kwa kurudiarudia hivyo, mkanda hujijenga tabaka juu ya tabaka. Dhahabu huweza kutua wakati wa mpasuko, lakini huweza pia kutua pembeni, kwenye mwamba wenyewe: maji yakikutana na mwamba wenye chuma kingi, chuma huinyakua salfa na kuunda pairiti, na dhahabu hubaki bila wa kuibeba. Ndiyo maana Geita dhahabu nyingi imo ndani ya matabaka ya chuma, wala haikusubiri kwatzi nene.

Mtafutaji makini, basi, hutazama kwanza kilicho kando ya kwatzi. Mwamba uliolainika, uliopauka na kujaa chembe za pairiti unaonyesha kwamba maji ya moto yalipita hapo. Kwatzi nyeupe pepe, nene, isiyo na doa, mara nyingi ni tupu. Yenye mistari myembamba ya kijivu, rangi ya moshi au madoa ya kutu inastahili kutwangwa. Kutu hiyo ni mabaki ya pairiti iliyooza kwa mvua na hewa, ikaacha vishimo vidogo vyenye kuta za kahawia, na humo dhahabu huonekana kwa urahisi zaidi. Jiwe likigongwa na kutoa harufu ya kitunguu saumu, lina aseniki. Ni dalili nzuri kwa mtafutaji, ila vumbi lake ni sumu.

Pale ambapo mkanda umefunikwa na udongo, sampuli huchukuliwa kwa mstari kuelekea juu ya mteremko na kuoshwa kwenye karai. Chembe huongezeka kadiri chanzo kinavyokaribia, kisha hukatika ghafla. Kinachotafutwa kiko karibu na hapo. Njia hii haifai sana kwenye mbuga za udongo mweusi, kwa kuwa udongo ulioletwa na maji kutoka mbali huificha miamba iliyo chini yake.

Kinachong'aa nacho kipimwe. Pairiti ikigongwa huvunjika na unga wake ni mweusi. Dhahabu hubondeka ikawa bapa. Maika huelea na kuondoka na maji, ilhali dhahabu, yenye uzito mara 7 hivi wa kwatzi ya ujazo uleule, hubaki chini ya karai.

Hata hivyo mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ikiwa na gramu 10 za dhahabu kwa tani ni nzuri, na humo dhahabu huenda isionekane kwa macho kabisa. Tena haikutawanyika sawasawa: hujikusanya mahali ambapo mkanda unapinda au unakatana na ufa mwingine. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa kwa kukata upana wote wa mkanda, kuta zake zikiwemo, na katika sehemu nyingi za urefu wake, kisha hupelekwa maabara.