Tripu Si Kipimo: Kuagiza Mchanga, Kokoto na Udongo wa Bustani

Mwananchi anayetengeneza bustani au njia ya kuingilia nyumbani kwake huagiza mchanga, kokoto na udongo kwa tripu. Hasara nyingi huanzia hapo. Lori moja hubeba mita 3 za ujazo, jingine 6, na mizigo yote miwili huitwa tripu. Tunamshauri mlaji aulize bei ya mita moja ya ujazo, na akubaliane na muuzaji kuhusu idadi ya mita kabla lori halijapakiwa.

Kujua kiasi unachohitaji si kazi ngumu. Bustani ya mita 10 kwa 8, ikiwekewa udongo wenye kina cha sentimita 10, huhitaji mita 8 za ujazo. Ongeza kidogo, kwa kuwa udongo hushuka baada ya kumwagiliwa.

Lori likifika, lipime kabla halijamwaga. Mzigo ukishakuwa lundo uani, ni vigumu kuthibitisha lolote. Chukua vipimo vya ndani ya bodi. Bodi yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kimo cha sentimita 75 hubeba mita 6 za ujazo. Mzigo ukiishia sentimita 15 chini ya ukingo, umepungukiwa mita 1.2, yaani moja ya tano ya fedha yako. Mara nyingi mzigo huinuka katikati huku pembe zikiwa tupu, hivyo omba usawazishwe kwa koleo ndipo upime. Angalia pia alama ya uhakiki wa vipimo kwenye lori.

Hata hivyo, si kila upungufu ni wizi. Mchanga wenye unyevu hufura, na ule laini huweza kuzidi ujazo wake mkavu kwa zaidi ya moja ya tano. Aliyenunua mchanga mbichi asishangae lundo likipungua juani; ni vyema suala hilo lizungumzwe wakati wa kupatana bei. Mchanga wa ufukweni ukatae kabisa, kwa kuwa chumvi yake hukausha mimea na kutia nondo kutu.

Mwoneshe dereva mahali pa kumwaga, mbali na mfereji wa maji na barabara ya mtaa. Shimo la maji taka nalo lisisahauliwe: mita 6 za mchanga huweza kufika tani 9, mbali na uzito wa lori lenyewe, na mfuniko wa zege haukujengwa kwa mzigo huo.

Dai risiti inayotaja aina ya mzigo na mita za ujazo. Ukipunjwa, piga picha ya bodi kabla ya kumwaga, andika namba ya usajili wa lori, kisha ulete vyote pamoja na risiti katika ofisi yetu ya mkoa.