Meseji ya malipo ikikwama, timu yetu inapimwaje?
Uko Soko la Burma, kilo mbili za nyama zishapimwa, umelipa kwa simu na meseji haiji. Wewe na mwenye bucha mnaangaliana tu. Pengine ni mtandao, pengine ni badiliko tulilofanya jana usiku.

Timu za programu siku hizi hutoa kazi vipande vidogo, mara nyingi kila wiki mbili, ili kosa lionekane mapema. Mtindo huu, ajaili, uliandikiwa azimio Marekani mwaka 2001. Lakini kuhesabu vipande tu ni kumsifu mchinjaji kwa kelele za panga. Tunauliza: mabadiliko mangapi yaliharibu malipo, na yalirekebishwa baada ya dakika ngapi?

Kwa hivyo angalia salio kwanza, usilipe mara ya pili. Halafu tuambie saa kamili malipo yalipokwama. Tunaanza kuhesabu hapo.