Mtoto Hapimwi kwa Macho

Kwetu Mombasa mtoto aliyenona ni sifa ya mama yake, na aliyekonda humtia aibu. Ndiyo maana jioni kule Kisauni au Likoni utamkuta nyanya akimmegea mjukuu tonge jingine la wali wa nazi, mtoto amegeuza uso: "Kula, watu watasema hatukulishi!" Palepale, dada mtu akiongeza mchuzi, anaambiwa, "Tosheka wewe, bonge."

Hofu zote mbili zina msingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na kwa jirani zetu Kilifi ni asilimia 37. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 45 ya wanawake wana uzito uliozidi. Lakini maneno kama ya nyanya hayatibu lolote kati ya hayo.

Mtoto mdogo hujua ameshiba. Akilazimishwa kila siku, huzoea kusikiliza jicho la mkubwa badala ya tumbo lake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006, watoto waliohimizwa wamalize supu walikula kidogo kuliko walioachwa, tena wakailalamikia. Kukataza nako kuna madhara yake: utafiti wa 1999 ulionyesha kwamba kitafunio kilichowekwa mbele ya watoto huku wakizuiwa kukigusa ndicho walichozidi kukitamani. Soda ikifungiwa kabatini, yule dada aliyeitwa bonge ataitafuta langoni mwa shule pamoja na viazi karai, ale upesi kabla hajaonwa.

Mzazi apange kinacholiwa na saa ya kula. Kiasi amwachie mtoto. Sinia letu linafaa sana kwa hili, maana mtoto hula upande wake akainuka, wala hakuna sahani ya kumsuta kwamba hakumaliza. Samaki, mchicha na mbaazi ziwepo kwa wote, mnene na mwembamba. Soda isinunuliwe ya kukaa nyumbani.

Ukiwa na wasiwasi, mpeleke kliniki apimwe uzito na urefu, matokeo yaandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Muulize mhudumu kama mstari wake wa ukuaji unapanda au umesimama, maana hilo jicho la jirani halilioni. Na mazungumzo ya kilo, tafadhalini wazazi wenzangu, yafanyeni mtoto akiwa hayupo.