Sitara Uwanjani

Sisi wapenzi wa kandanda hushangilia hata pasipofaa. Mchezaji wa timu pinzani akianguka na kugaagaa, vijana wetu humzomea mbele ya runinga, na akina mama walio chumba cha pili hudhani bao limeingia.

Tarehe 12 Juni 2021 tuliona kinyume chake. Mjini Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland, Christian Eriksen alianguka bila kuguswa na mtu, moyo umesimama. Nahodha wake, Simon Kjær, alimkimbilia. Wenziwe wakamzunguka, wamempa mgongo, ili maelfu wasimtazame akikandamizwa kifua. Hiyo ndiyo sitara, ingawa wengi wao hata neno hilo hawalijui.

Kamera zilizidi kutafuta upenyo, na watangazaji wakalaumiwa. Na sisi je? Ajali ya bodaboda ikitokea, wanetu huchomoa simu kabla ya kumtafutia majeruhi shuka la kumfunika.

Majukwaani, mashabiki wa Finland waliita “Christian!”, wa Denmark wakaitikia “Eriksen!” Alipotolewa, fahamu zimemrudia, alisitiriwa kwa bendera za Finland. Mchezo uliporejea usiku ule, Joel Pohjanpalo aliifungia Finland bao la pekee, wala hakushangilia.