Barabara ya Mbega Iko Juu

Wengi wanaokuja kwenye kitalu changu hapa Diani huulizia bogenvilia kwanza. Ninazo, nauza, mtu lazima ale. Lakini kabla mteja hajalipa humuuliza: kwako mbega wanapita?

Mbega wetu, yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, ni mla majani. Tumbo lake lina vyumba vya kuchachushia majani, ndiyo maana ndizi za watalii hazimfai. Kidole gumba hana, viganja vimekaa kama kulabu. Matawini ni fundi, chini ni mzito. Na msitu wake, ule uliomea juu ya mwamba wa matumbawe, umekatwa vipande na hoteli, nyumba na barabara ya lami inayofuata ufuo. Akiyaponyoka magari, kuna nyaya za umeme.

Shirika la Colobus Conservation, lililoanza 1997, limetundika ngazi za kuning'inia juu ya barabara. Kima ndio wanaozitumia zaidi, mbega na tumbili nao wamo. Kazi nzuri. Ila ngazi haina jani hata moja. Mnyama akivuka akakuta nyasi zilizofyekwa na ukuta mtupu, amevuka kwenda wapi?

Ushoroba hasa ni matawi yanayogusana, ploti hadi ploti. Kama una mbuyu, uache. Mbega hupenda machipukizi yake. Mpakani panda mkwaju au mbambakofi. Mbambakofi nauotesha mwenyewe: ni ile mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu, inayotungwa shanga. Bandua kofia, loweka usiku mmoja, fukia, kisha mche uuhamishe masika yakianza. Ukishashika, mizizi hupenya nyufa za mwamba na jua la kaskazi haliusumbui. Kukua hauna haraka. Nasema mapema usije kunidai.

Mwarobaini siupandi. Ni dawa, najua, na kivuli chake huja upesi. Lakini asili yake ni Asia, ndege hutawanya mbegu zake, na umeingia hadi kwenye misitu mitakatifu ya kaya ukibana miche ya asili. Ukitaka kujua Diani ilivyokuwa, nenda Kaya Kinondo, ambako hata kijiti hakitolewi.

Mwenye ploti ndogo huniambia mti mmoja hautafanya kitu. Namuuliza jirani yake ana nini. Mara nyingi kuna mwembe karibu na ukuta. Basi mche upandwe upande huo, mbali na nyaya za umeme.