Glukosi ya dukani si dawa ya kuendesha

KATIKA maduka ya Njiru, kandokando ya Barabara ya Kangundo, pakiti ya glukosi haikosi, hukaa karibu na majani chai na unga wa uji. Mtoto akianza kuendesha, wazazi wengi huikimbilia kwanza. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Unga huo mweupe ni sukari iitwayo pia dekstrosi. Viwandani hutengenezwa hasa kwa wanga wa mahindi, nafaka ile ile ya ugali wetu. Utamu wake haufikii ule wa sukari ya chai, nayo hutiwa katika biskuti, peremende na hata soseji. Kwamba inaongeza nguvu, hakuna anayebisha. Lakini mtoto anayeendesha hupoteza maji na chumvi. Glukosi tupu haina chumvi, na ikikorogwa nzito huvuta maji ya mwili na kuyaingiza matumboni. Basi mtoto huzidi kuendesha.

Ajabu ni kwamba glukosi hiyo hiyo, ikichanganywa na chumvi kwa kipimo, huokoa. Utumbo hufyonza viwili hivyo kwa pamoja, na maji hufuata. Mwaka 1971, wakimbizi kutoka Bangladesh walipokumbwa na kipindupindu huko Bangaon, India, na dripu zikaadimika, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko wa aina hiyo. Vifo, vilivyokuwa vimefikia karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya vinne.

Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2002, lita moja ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitrati. Soma pakiti kabla ya kukoroga, kwani nyingine ni za lita moja na nyingine za nusu lita. Maji ya mtungi yachemshwe, kisha yapoe. Ukikosa pakiti, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi. Mtoto aliyelegea, au asiyeweza kunywa, akimbizwe hospitalini.

Na wale watu wazima wanaoomba dripu "ya nguvu" kwa sababu ya uchovu tu? Lita moja ya dekstrosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, yapata vijiko 12 vya chai. Chai ya maziwa na mandazi mawili huishinda, tena kwa bei nafuu.