Akiba na Mrundikano: Kupunguza Vitu Majumbani Mwetu

Mavuno yanapokwisha katika nyanda za juu za Ufipa na mahindi yakiwa yameuzwa, nyumba zetu huanza kupokea vitu: kochi jipya, kabati la vyombo, televisheni kubwa kuliko ile ya mwaka jana. Kununua si dhambi, kwa maana jasho la mkulima lina haki ya kupata faraja yake. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba vinavyoingia ni vingi na vinavyotoka ni vichache. Chumba ambacho watoto wangelala au kudurusu masomo yao hugeuka stoo ya masanduku, baiskeli isiyo na magurudumu na nguo asizovaa mtu. Tena tunazijua nyumba ambamo watoto wanalala mkekani, na huku godoro zima limeviringishwa juu ya kabati likimsubiri mgeni.

Kanisa linafundisha nini juu ya mali?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2402 hadi 2406) inafundisha kwamba Mungu aliikabidhi dunia na mema yake kwa wanadamu wote. Haki ya kumiliki mali binafsi ni halali, lakini haifuti kusudi hilo la mwanzo. Mwenye mali ni wakili wa Mungu. Namba 2446 inakumbusha mafundisho ya Mtakatifu Yohane Krisostomo, kwamba kuwanyima maskini sehemu ya mali zetu ni kuwaibia. Kabla ya hapo, Yohane Mbatizaji alikwisha kumwagiza mwenye nguo mbili ampe asiye nayo (Luka 3:11). Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa tarehe 24 Mei 2015, alieleza kwamba kuishi kwa kiasi, tukichagua wenyewe kwa hiari, hakutupunguzii uhai bali hutuweka huru (namba 222 na 223).

Akiba si mrundikano

Mtu anaweza kuuliza: je, tuuze hata mahindi ya chakula? La, hasha. Magunia yanayoilisha familia hadi mavuno yajayo ni busara, kama ile ya Yusufu kule Misri (Mwanzo 41). Tajiri mpumbavu wa Luka 12:16-21 hakulaumiwa kwa sababu shamba lake lilizaa sana, bali kwa sababu katika mipango yake yote hakumkumbuka Mungu wala jirani. Akiba ina kazi yake na wakati wake. Mrundikano hauna kazi wala wakati, isipokuwa kututuliza kwamba tunavyo. Wahenga walisema akiba haiozi; lakini Bwana wetu alituonya juu ya nondo na kutu (Mathayo 6:19), na masanduku yetu ni mashahidi.

Hofu inayofungia masanduku

Lipo jambo ambalo halisemwi hadharani. Baadhi yetu hatugawi nguo tulizovaa kwa kuogopa kwamba zitatumiwa kutudhuru. Wazee hulifafanua jina la Sumbawanga kuwa na maana ya kutupa uchawi. Mkristo aliyebatizwa, akiificha nguo yake kwa hofu hiyo wakati jirani anatetemeka kwa baridi, bado hajautupa. Aibariki kwa sala, aitoe, na amwachie Mungu yaliyobaki.

Vitu vya marehemu vinahitaji upole zaidi. Kuvihifadhi ni namna ya kupenda, na asiharakishwe mtu aliyefiwa. Hata hivyo, rozari moja au kitenge kimoja chaweza kubeba kumbukumbu ya mama kuliko sanduku zima lisilofunguliwa. Nguo zigawiwe kwa makubaliano ya ndugu wote. Na mali zinazohusu mirathi zisiguswe mpaka taratibu za sheria zikamilike, ili ukarimu usizae ugomvi.

Tuanzie wapi?

Kwanza, familia ikae pamoja baada ya sala ya jioni na kukubaliana. Mume asitoe vitu vya mkewe, wala mke vya mumewe, bila ridhaa. Na watoto waulizwe kuhusu vyao.

Pili, tushughulikie sanduku moja au chumba kimoja kwa wakati. Tutenge mafungu manne: vinavyotumika, vya kupelekwa kwa fundi, vya kutoa na vya kutupa. Kilichokaa misimu miwili ya baridi bila kuguswa, tujiulize kwa unyofu kinamsubiri nani.

Tatu, tutoe kilicho kizima, kilichofuliwa na kushonwa. Kumpa maskini tulichoona aibu kukivaa ni kumdhalilisha. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na akina mama wa WAWATA wanazijua nyumba zisizo na blanketi mwezi wa Juni na Julai, baridi yetu inapokuwa kali. Tuwakabidhi kimyakimya, bila majina kutangazwa.

Nne, kabla ya kununua kingine tusubiri mwezi mmoja. Hitaji la kweli litakuwa bado lipo. Tamaa ya kulingana na jirani huenda itakuwa imepita. Na tusikope kwa ajili ya kupamba sebule wakati ada na daftari za watoto bado hazijapatikana.

Lengo si nyumba tupu, kwa kuwa hata moyo wa mtu asiye na kitu waweza kufungwa na tamaa. Lengo ni nyumba ambamo kila kitu kinamhudumia mtu, na hakuna mtu anayekitumikia kitu. Basi, lile godoro lililo juu ya kabati lishushwe leo, watoto walalie. Mgeni akifika, atapokewa na familia inayojua kugawana.